Kutoboa uwanja wa majani: mwongozo kamili kwa nyumba za Unguja na Pemba

Majani ya mbele ya nyumba yangu Fuoni yalikuwa yakifa kwa mstari. Mstari ulionyooka kutoka getini mpaka barazani, upana wa mtu mmoja na nusu. Nikamwagilia, nikatia mbolea, nikalilaumu jua la kaskazi. Hadi siku moja mvua ya vuli ilipokatika, nikauona mstari ule ule umegeuka mfereji: maji yamesimama juu yake kama yaliyotiwa kwenye sinia, na hatua mbili pembeni ardhi imeshayanywa yote. Kumbe majani hayakuwa na njaa. Yalikuwa yamekanyagwa mpaka chini hakuna pa kupitisha pumzi.

Ardhi nzuri si kitu kizima kama tofali. Baina ya chembe na chembe mna vijitundu, vingine vya maji, vingine vya hewa. Mizizi nayo inavuta hewa kama sisi. Watu wakipita kila siku njia moja, gari likiegeshwa pale pale, au wageni wa harusi wakikaa siku tatu chini ya turubai, vijitundu vikubwa ndivyo vinavyokufa mwanzo. Maji yanabaki juu, hewa haiingii, mizizi inakimbilia juu karibu na jua, na kiangazi cha Januari na Februari kinaimaliza. Ubanaji wa miguu ya watu kwa kawaida unakaa kwenye sentimita 5 hadi 10 za juu. Hiyo ni habari njema, maana hapo mkono wa mtu unafika bila ya trekta.

Dawa yake ni kutoboa, yaani kuipiga ardhi matundu madogo madogo kwa uma wa bustani au bomba la chuma. Lakini si kila uwanja mbaya unataka kutobolewa, na hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza jasho la bure.

Ijue ardhi yako kwanza

Wazee wakulima hawakusema "udongo" tu. Walisema kichanga, kinongo, kinamo, maweni, na kila jina lilikuwa na kazi yake. Tumia majina hayo hayo kwa uwanja wako.

Kinamo ni ule udongo mzito wa mabonde ya mpunga, kama kule Cheju. Mvua ikinyesha unanasa ndara, kiangazi unapasuka nyufa. Nyumba nyingi siku hizi zimeshukia mabondeni, kwa hiyo watu wanaotandika majani juu ya kinamo si wachache. Huu ndio unaobanika kuliko wote, na ndio unaofaidika zaidi na matundu. Hesabu kuutoboa kila mwaka.

Kinongo, udongo mwekundu uliolalia mawe ya chokaa, uko katikati. Unabeba mimea vizuri, lakini ukikanyagwa sana unakaza uso. Mwaka mmoja utoboe, mwaka mmoja uuache, isipokuwa kwenye njia za miguu.

Kichanga hakibaniki kwa urahisi. Mwenye uwanja wa kichanga akiniambia majani yake yanafifia, huwa namuuliza kwanza kuhusu maji na samadi. Mchanga hauna cha kushikia maji wala chakula. Ukiutoboa unazidisha tu mwendo wa maji kwenda chini. Mboji ndiyo inayotakiwa, na kutoboa kukiwapo kuwe kwa ajili ya kuishusha hiyo mboji.

Maweni ni kisa kingine. Makunduchi, Jambiani, Micheweni, na pwani nyingi za mashariki, udongo ni kiganja kimoja kisha jiwe. Uma ukigonga jiwe usiulazimishe; utapinda jino na kifundo cha mkono. Dawa ya hapo ni kuongeza udongo kidogo kidogo juu, mwaka baada ya mwaka. Na ole wako kama uwanja wako umetandikwa juu ya kifusi cha ujenzi, vipande vya matofali na saruji iliyomwagika, kisha fundi akafunika kwa udongo wa vidole viwili. Hilo halitoboleki. Fukua, ondoa, anza upya.

Kipimo cha mkebe

Usitoboe kwa kudhania. Chukua mkebe mtupu wa maziwa ya unga, ukate kitako ubaki kama bomba pande zote mbili. Uzamishe sentimita 3 hivi kwenye ardhi pale majani yalipo mabaya. Mimina maji hadi yafike kimo cha sentimita 2 na nusu ndani yake, kisha angalia saa. Yakiisha, mimina tena kimo kile kile. Duru ya pili ndiyo ya kuandika, maana ya kwanza ardhi kavu inakunywa kwa pupa. Halafu nenda pahala pasipokanyagwa, chini ya ua wa michongoma au nyuma ya tangi, ufanye vile vile.

Tofauti baina ya sehemu mbili ndiyo jawabu. Njiani dakika 50 na uani dakika 12, basi ni miguu, toboa. Pote pawili dakika 50, basi ndivyo udongo wako ulivyo, na kutoboa kutasaidia lakini mboji ya miaka miwili mitatu itasaidia zaidi. Pote pawili dakika 4, weka uma chini, tatizo liko kwengine.

Kipimo cha pili ni cha haraka: chukua bisibisi ndefu, isukume kwa kiganja siku moja baada ya mvua. Ikishuka sentimita 15 bila ya kuilalia, ardhi haijabanwa.

Kisha kata kipande kidogo cha majani kama unavyokata keki, ukitazame ubavuni. Baina ya majani mabichi na udongo utaona tabaka la vijiti na mizizi iliyokufa, la rangi ya makumbi. Likiwa chini ya sentimita 1 hakuna neno. Likizidi, ukilikanyaga unahisi kama godoro, maji hayapiti na dudu linajificha humo. Reki la chuma litapunguza, na vipande vya udongo vitakavyotoka kwenye matundu vitasaidia kulioza.

Vipo na visivyotibiwa na matundu hata yawe elfu. Majani chini ya mwembe yanakonda kwa kivuli. Majani yenye manjano kwenye jani changa huku mishipa imebaki kijani, katika ardhi ya mawe ya chokaa, mara nyingi yamekosa madini ya chuma. Chokaa ikizidi mmea hauwezi kuyachukua hata yakiwamo. Mwenye ardhi ya namna hii akimwaga jivu la jikoni anaongeza ubaya, maana jivu nalo linafanya kazi kama chokaa. Nimelisema hili kwa majirani mpaka nikaitwa adui wa jivu.

Lini

Majani yetu ni ya nchi za joto: ukoka wa kawaida unaotambaa, paspalamu wanaoupanda karibu na pwani kwa kustahamili chumvi, na lile la majani mapana ambalo kwenye vitalu vya Kenya linauzwa kwa jina la Pemba, linalovumilia kivuli na upepo wa bahari. Yote hayo yanapona haraka yakiwa kwenye mbio za kukua, yaani mvua ikiwapo. Usitoboe kiangazi. Tundu lililo wazi kwenye jua la Februari ni mlango wa kukaushia mizizi.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni mvua za mwanzo za masika, mwezi wa 3, kabla Aprili haijaja na gharika zake. Mimi naupendelea kwa viwanja vilivyo karibu na bahari, maana matundu yanakuwa tayari masika yanapokuja kuisukuma chumvi chini. Wa pili ni vuli, kuanzia Oktoba mvua zikishashika. Kwa wenye kinamo, huu ndio wenu. Aprili kinamo ni uji, na uji hautobolewi.

Pemba kuna hesabu ya ziada. Anayeanika karafuu mbele ya nyumba, uwanja wake una majamvi na watu wanaogeuza, wanaochambua, wanaopita na mapolo muda wote wa msimu. Majani yakibanwa chini ya jamvi na ardhi ikapigwa na miguu, kutoboa katikati ya msimu ni kazi ya kufanywa mara mbili. Subiri karafuu ziishe, toboa masika.

Na siku yenyewe: siku moja au mbili baada ya mvua nzuri. Chukua bonge, libane mkononi. Likimwagika kama unga, ni kavu mno, mwagilia leo ufanye kesho. Likikupaka kiganja na kung'aa kama udongo wa mfinyanzi, ni bichi mno. Ukilitoboa hivyo, ukuta wa tundu unalainika kisha unakauka mgumu kama chungu, na umejenga ulichokuja kubomoa. Likishikana, ukiligusa likavunjika, hiyo ndiyo siku. Kama kuna jambo moja la kushika katika karatasi hii yote, ni hili la siku. Nimeona uma mbovu siku njema ikafanya kazi kuliko mashine siku mbaya.

Vifaa

Kwa kichanga chenye mboji na kinongo, uma wa bustani wa meno manne unatosha. Hauondoi udongo, unausukuma pembeni tu, lakini udongo mwepesi unasamehe.

Kwa kinamo tafuta kitu kinachotoa kijiti cha udongo nje, ili pawe na nafasi ya kweli. Hakiuzwi kila duka, lakini fundi wa kuchomea vyuma yeyote atakutengenezea mchana mmoja. Mpelekee bomba la chuma la nusu inchi. Akate vipande viwili, avisimamishe sambamba kwa nafasi ya sentimita 10, avichomee chuma cha kukanyagia kwa juu, kwa namna ambayo sentimita 8 hadi 10 tu zitaingia ardhini. Mpini uwe wa msalaba, kimo cha kiuno chako. Mambo mawili fundi huyasahau: makali ya mdomo wa bomba yachongwe kwa upande wa nje, na mdomo upigwe kidogo kuingia ndani, ili kijiti kikishapita kisishikane na kuta. Halafu juu ya mdomo akate dirisha refu ubavuni, vijiti vitokee hapo. Bila ya dirisha utakaa unavichokonoa kwa msumari kila hatua.

Ndara za misumari, zile za kufunga chini ya viatu na kutembea uwanjani, niliwahi kujitengenezea. Msumari ni mwembamba, hauondoi kitu, unabana udongo pande zote za tundu, na uzito wa mtu haufikishi kina. Nilichopata ni mguu kuteguka na watoto wa jirani kucheka wiki nzima.

Vingine: reki, toroli au ndoo za lita 20, ufagio wa chelewa, kamba na vijiti vya kuwekea alama, chekeche.

Siku ya kazi

Siku mbili kabla, kata majani. Ukoka ushushe mpaka sentimita 3 hivi, la majani mapana usilishushe chini ya 5. Fagia.

Kisha weka alama kila kilicho chini: bomba la maji, waya wa taa za bustani, mfuniko wa karo. Mimi sikuweka. Nikalitoboa bomba la plastiki linalotoka kwenye tangi, Ijumaa, saa sita kasoro, maduka yanafungwa watu wanakwenda msikitini. Nyumba nzima ilitawadha kwa jirani siku ile. Mabomba mengi ya majumbani yamezikwa kiganja kimoja tu, kwa hiyo usijipe moyo kuwa sentimita 10 si kitu. Kamba moja kila upande wa mstari wa bomba, na baina ya kamba usiguse.

Sasa hesabu. Tundu kila sentimita 10 ni matundu 100 kwa mita moja ya mraba. Uwanja wa mita 50 za mraba ni matundu 5,000, na hakuna mgongo wa kuyamaliza kwa asubuhi moja. Usijaribu. Chagua mita 10 zilizo mbaya zaidi: matundu 1,000, yaani michomo 250 ya uma wa meno manne, au 500 ya bomba mbili. Asubuhi moja, kabla ya jua kupanda, inatosha. Wiki ijayo mita nyengine 10. Sehemu ambazo mkebe umekwambia ziko salama, ziache kabisa.

Anza mbali, urudi kinyumenyume, usije ukayakanyaga uliyotoboa. Ukitumia uma, usimamishe wima, ukanyage mpaka sentimita 10, utikise mpini mbele na nyuma kidogo, kidogo sana, kisha uutoe wima vile vile. Ukiubinua kama unavyochimba muhogo utaing'oa mizizi. Ukitumia bomba, kanyaga, vuta, na kila ukipiga upya vijiti vya awali vitatoka dirishani. Pale kwenye njia ya miguu pita mara mbili, ya pili ikikata ya mwanzo. Karibu na shina la mti ukihisi mzizi, ruka.

Vijiti vya udongo viache juu vikauke siku moja mbili, kisha vipondeponde kwa mgongo wa reki na uvifagie virudi. Havina ubaya, ijapokuwa uwanja utaonekana kama umechezewa na kuku. Isipokuwa kama una ndago. Hapo vizoe vyote ukavitupe mbali, maana ndani yake mna vinundu vya ndago, na kuvipondaponda ni kuipanda upya uwanja mzima.

Cha kutia kwenye matundu

Tundu tupu linafaa. Lililojazwa kitu chepesi linafaa zaidi, kwa sababu halizibiki masika. Kwa kinongo tia mboji iliyochekechwa, iliyochanganywa na udongo wa hapo hapo. Kwa kinamo changanya mboji na mchanga mnene wa shamba, nusu kwa nusu, uusukume ushuke ndani ya matundu. Ukiutandika juu tu kama shuka unafanya tabaka, na maji hayapendi kuvuka tabaka. Kwa kichanga, mboji peke yake.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Una chumvi, umejaa vipande vya matumbawe na kombe ambavyo ni chokaa tupu, na ufukwe wenyewe unaliwa na bahari tayari. Makumbi nayo yaulize yametoka wapi: yaliyovumbikwa pwani kwa ajili ya kamba yamekunywa maji ya bahari, kwa hiyo yanyeshewe msimu mzima kabla hayajaingia bustanini. Mwani uliotupwa na mawimbi ni vivyo hivyo. Samadi ya ng'ombe iwe imeoza mpaka haina harufu. Mbichi inaleta magugu yaliyoliwa jana.

Kiasi: tandiko la nusu sentimita kwa mita 10 za mraba ni lita 50, ndoo mbili na nusu, na ongeza ndoo moja hivi ya kushuka matunduni. Fagia kwa chelewa huku na huku. Ncha za majani lazima zionekane. Yakifunikwa yote umeyazika.

Mbolea ya dukani si lazima. Ukitaka, urea gramu 10 kwa mita ya mraba, karibu kijiko kimoja cha kulia, itawanywe kwenye majani makavu na imwagiliwe pale pale. Katika ardhi yenye chokaa urea ikiachwa juu inageuka hewa na kuondoka, na pesa yako nayo.

Penye upara, chukua vipande vya ukoka vyenye vifundo viwili vitatu, kifundo kimoja kikalie tunduni, ubonyeze kwa kidole gumba.

Wiki zinazofuata

Mvua ikiwapo, umemaliza. Isipokuwapo, lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, uzigawe mara mbili au tatu. Kumwagilia vidogo kila jioni kunaifunza mizizi kukaa juu. Maji ya kisima yaonjwe kwanza. Visima vya karibu na pwani hubadilika, na bamvua likija vingine hukolea. Ukiona utando mweupe juu ya udongo yakikauka, usiyatumie kwenye matundu mapya; kinga ya mvua ya paa ni bora hata iwe kidogo.

Usikate majani mpaka yapande kimo chake cha kawaida, na usiwaite watu wa turubai kwa wiki nne. Harusi haiahirishwi kwa sababu ya majani, najua. Basi siku hiyo tandika mbao penye miguu mingi, turubai lishuke usiku ule ule, na viti vya plastiki visirundikwe juu ya majani mpaka mwenyewe apate gari la kuvichukulia.

Ule mstari wangu wa getini niliutoboa misimu miwili, ukapona, na ukaanza kufa tena. Watu bado wanataka kufika barazani. Hatimaye nikatega mawe bapa, moja kila hatua, na majani yakaota katikati yake. Bustani ya Forodhani mjini, ilipofunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati, ilipewa njia zake za kupitia na majani yakapewa pahala pake, ingawa watu wanaokaa pale kila jioni ni umati. Pahala panapopitwa kila siku pape jiwe, uma uupeleke kwengine.

Baada ya wiki sita rudisha mkebe pale pale ulipopima mwanzo, mimina maji duru mbili, andika dakika. Mimi nimeziandika kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo: 52, kisha 31, kisha 19. Uma uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, uufute kwa kitambaa chenye mafuta, uutundike ndani. Hewa ya bahari inakula chuma upesi kuliko kinamo.